Sebule yenye kona nyingi: Namna ya kupanga spika ili kila mtu asikie

Na Mwandishi Wetu, Moshi

NYUMBA nyingi mjini Moshi na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro hazikujengwa kwa mkupuo mmoja. Mwenye nyumba huanza na vyumba viwili, akijaliwa huongeza cha tatu, na baadaye huvunja ukuta ili sebule iungane na sehemu ya kulia chakula.

Matokeo yake ni sebule yenye umbo la herufi L, yenye nguzo katikati, yenye milango minne, au yenye ngazi mbili tatu ndani yake kwa sababu kiwanja chenyewe kimekaa kwenye mteremko.

Kwa mazungumzo na wageni, sebule ya namna hiyo haina taabu yoyote. Taabu huanza siku familia inapoleta nyumbani seti ya spika tano na sabufa, ambayo madukani huitwa hom thieta, na kukuta kuwa kijitabu cha maelezo kimechora chumba cha mstatili chenye kochi moja katikati.

Mara nyingi spika huishia pale penye msumari au soketi. Milio ya magari kwenye filamu hutikisa vioo vya madirisha, lakini maneno ya waigizaji hayasikiki. Anayekaa upande wa meza ya chakula husikia spika moja tu. Bibi aliye kwenye kiti chake cha kila siku huomba sauti iongezwe, wakati jirani wa upande wa pili wa ukuta anaomba ipunguzwe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzipanga spika hizo katika sebule isiyo na umbo la kawaida, bila kubomoa nyumba wala kununua vifaa vipya. Kanuni kuu ni moja: anza na masikio ya wasikilizaji, kuta zitafuata baadaye.

Sauti ya kuzunguka ni nini

Sauti ya kuzunguka ni utaratibu wa kurekodi na kucheza sauti kupitia njia kadhaa zinazojitegemea, ili msikilizaji asikie matukio yakitokea mbele, pembeni na nyuma yake.

Wazo hilo ni la zamani. Kampuni ya Walt Disney ililijaribu kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 1940 kwa filamu ya Fantasia. Mfumo wa kidijitali wa Dolby uliingia kwenye sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns, na baadaye ukaingia majumbani kupitia diski za DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996.

Mpangilio uliozoeleka zaidi majumbani huandikwa 5.1. Tarakimu 5 ni idadi ya spika za kawaida: mbele kushoto, mbele kulia, ya kati, na mbili za ubavuni au nyuma. Tarakimu 1 ni njia ya sauti nzito pekee, ambayo kazi yake hufanywa na sabufa.

Kila spika ina kazi yake. Spika ya kati hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Zile mbili za mbele hubeba muziki na mwendo wa vitu kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Za ubavuni hubeba mazingira, kama vile mvua, umati wa watu au ndege anayepita.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza kuwa, msikilizaji akitazama mbele, spika za mbele ziwe kwenye nyuzi 30 kila upande, na za ubavuni ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya mstari wa masikio. Pendekezo hilo halitaji umbo la chumba. Linataja mahali alipo msikilizaji na pembe zinazomzunguka, na hapo ndipo lilipo tumaini la mwenye sebule ya kona nyingi.

Tafuta mstatili ndani ya sebule

Hatua ya kwanza ni kuacha kuishughulikia sebule nzima. Chora sakafu kwenye karatasi kwa kutumia futi kamba, ukionyesha milango, madirisha, nguzo na soketi. Kisha tafuta ndani ya mchoro huo mstatili mmoja ambao unaweza kuwa eneo la kutazamia runinga.

Mstatili huo unatakiwa uwe na sifa mbili. Kwanza, ukuta wa runinga uwe na nafasi inayolingana kushoto na kulia. Pili, uwazi mkubwa kama vile mkono wa pili wa herufi L uangukie nyuma ya wasikilizaji, si pembeni mwa spika za mbele.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuiweka runinga kwenye kona, ikitazama kwa mshazari, ili walio kwenye makochi na walio mezani waione kwa pamoja. Hapo spika moja hubanwa na ukuta na kuvuma, na nyingine hutazama uwazi na kupoteza nguvu. Sauti nzima huegemea upande mmoja.

Chukua mfano wa sebule ya umbo la L ambayo mkono wake mrefu una mita 7 kwa mita 3.6, na sehemu ya kulia chakula inachomoza upande wa kushoto kuanzia mita 3.5 kutoka ukuta wa mwisho. Ukuta huo wa mita 3.6 ndio unaofaa kwa runinga. Ukikaa mita 2.5 kutoka hapo, una kuta mbili nzima pande zote za mbele, na uwazi wa sehemu ya chakula unabaki nyuma yako.

Kamba inatosha

Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Spika za mbele zikiwa kwenye nyuzi 30 kila upande, zinaunda pamoja na msikilizaji pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Maana yake ni kwamba umbali kati ya spika hizo mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kichwani mwa msikilizaji.

Kata kamba ya mita 2.5. Katika sebule ya mfano wetu, weka spika za mbele zikiwa zimeachana urefu wa kamba hiyo, sentimita 30 kutoka ukuta wa runinga. Kila moja itabaki na sentimita 55 hadi ukuta wa pembeni, nafasi inayotosha kupunguza uvumaji. Kisha vuta kamba kutoka kila spika kuelekea kwenye makochi. Pale ncha mbili zinapokutana ndipo kiti kikuu kinapotakiwa kuwa.

Ikiwa ukuta ni mfupi na spika haziwezi kuachana kiasi hicho, usizibandike kwenye kona. Sogeza kiti mbele kidogo ili pembetatu iwe ndogo lakini sahihi.

Urefu kutoka sakafuni nao una maana. Sauti nyembamba husafiri kwa kunyooka kama mwanga wa tochi, hivyo spika za mbele ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, yaani kati ya sentimita 90 na 110. Spika iliyowekwa juu ya kabati la vyombo huimbia dari.

Spika ya kati isifichwe

Katika nyumba nyingi, spika ya kati ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Husukumwa ndani ya kabati la runinga nyuma ya deki na king'amuzi, kisha familia hulalamika kuwa filamu hazieleweki.

Spika hiyo ikae katikati, chini au juu ya kioo, uso wake ukiwa umefika ukingoni mwa meza. Ikiwa iko chini, iinuliwe kidogo kwa kipande cha mbao ili itazame nyuso za watu na si magoti yao.

Kama kuna mzee nyumbani ambaye usikivu wake umepungua, hapa ndipo pa kumsaidia. Badala ya kuongeza sauti yote, ingia kwenye mipangilio ya amplifaya na uongeze spika ya kati peke yake kwa desibeli 2 au 3. Maneno yatajitokeza na milipuko itabaki kama ilivyokuwa.

Pale ukuta unapokosekana

Spika za ubavuni ndizo zinazowasumbua wengi wenye sebule za umbo la L, kwa kuwa upande mmoja una ukuta na mwingine hauna.

Katika mfano wetu, spika hizo zingefungwa kwenye kuta mbili za pembeni, takriban sentimita 60 nyuma ya mstari wa masikio, hivyo zingekuwa mita 3.1 kutoka ukuta wa runinga. Uwazi wa sehemu ya chakula unaanza mita 3.5. Kwa hiyo zote mbili zinapata ukuta wa kushikilia. Zifungwe juu kuliko za mbele, sentimita 40 hadi 60 juu ya kichwa cha aliyekaa, ili mtu wa pembeni asizibwe na mabega ya jirani yake.

Kama uwazi unaanza mapema zaidi, yapo mambo matatu ya kufanya. La kwanza ni kutumia stendi, au kuifunga spika kwenye nguzo kama ipo. La pili ni kuining'iniza kutoka kwenye mbao ya dari, si kwenye ubao wa jipsamu wenyewe, ambao haubebi uzito. La tatu ni kuweka kabati la vitabu au pazia zito kwenye mpaka wa sehemu mbili hizo, likawa kama ukuta.

Jambo lisilofaa ni kuipeleka spika hiyo hadi ukuta wa mbali wa sehemu ya chakula kwa sababu tu ndipo penye ukuta. Katika uwazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6. Aliye mezani ataziba masikio wakati aliye kwenye kochi hasikii kitu.

Kasoro ndogo za umbali hurekebishwa kwa rimoti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, sawa na sentimita 34 kwa kila milisekunde. Katika mfano wetu, spika za mbele ziko mita 2.5 kutoka kwa msikilizaji na za ubavuni ziko takriban mita 1.9, hivyo sauti za ubavuni zingewahi kwa takriban milisekunde 2. Amplifaya nyingi zina sehemu ya kuandika umbali wa kila spika, nazo huchelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja.

Kuwahi huko si jambo dogo. Mwanasayansi Mjerumani Helmut Haas alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1949 kwamba sauti moja inapofika masikioni kutoka sehemu mbili kwa kupishana muda mfupi sana, mtu huamini kuwa yote imetoka kule ilikowahi kufika. Ndiyo maana anayekaa jirani na spika ya nyuma huona kama filamu nzima inachezwa mgongoni mwake.

Kwa wanaojiuliza kama baridi ya mlimani inabadili hesabu hizi, jibu ni kwamba haina athari ya kuonekana. Kwenye nyuzi joto 15 sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, na kwenye nyuzi joto 30 husafiri mita 349. Vipimo vya Moshi mjini vinafaa Marangu.

Sabufa haina upande, lakini ina mahali pake

Sikio la binadamu hupata shida kutambua inakotoka sauti nzito sana, ile yenye mitetemo chini ya 80 kwa sekunde. Ndiyo sababu sabufa ni moja, na ndiyo sababu wengi hudhani inaweza kukaa popote.

Ukweli ni kwamba sauti nzito hugonga kuta na kurudi, ikajilimbikiza sehemu fulani na kujifuta sehemu nyingine. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3.6, ulimbikizaji wa kwanza hutokea kwenye mitetemo takriban 48 kwa sekunde. Kwenye kona, besi huwa nyingi hadi kufunika maneno. Katikati ya chumba hupungua.

Njia rahisi ya kutafuta mahali pazuri ni kubadilishana nafasi nayo. Iweke sabufa kwenye kiti kikuu, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe mwenyewe tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo kila noti inasikika kwa usawa, bila kuvuma wala kupotea, ndipo pa kuiweka. Watoto watacheka, lakini njia hiyo hufanya kazi, hasa katika sebule ya umbo la L ambayo ni vigumu kuikadiria kwa hesabu.

Tahadhari moja ni kwa seti za bei nafuu zenye spika ndogo sana. Spika hizo huanza kuachia kazi kwenye mitetemo 120 au hata 150, hivyo sabufa hubeba pia sehemu ya sauti ya kiume. Kwa seti kama hizo, sabufa ibaki mbele, karibu na runinga, la sivyo mtangazaji wa taarifa ya habari atasikika kama amekaa nyuma ya kochi.

Maumbo mengine

Chumba cha mraba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga za chumba na sebule, kina tatizo lake. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, ulimbikizaji wa besi hutokea pamoja pande zote mbili. Usikae katikati kabisa. Weka kiti takriban theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma.

Sebule nyembamba kama korido huwashawishi watu kuweka runinga kwenye ukuta mrefu, na matokeo yake kochi hugusa ukuta wa nyuma. Ni vema kutumia ukuta mfupi. Ikiwa haiwezekani, vuta kochi mbele hata kwa nusu mita, na spika za ubavuni zikae sambamba na masikio kwenye nyuzi 90.

Sebule yenye ngazi, ya kawaida katika nyumba za Kibosho, Machame au Rombo zilizojengwa kwa kufuata mteremko, inataka runinga na makochi viwe kwenye sakafu moja. Urefu wa spika upimwe kutoka masikioni, si kutoka sakafu ambayo spika imesimama.

Kuta za duara, zinazopendwa katika baadhi ya nyumba mpya, hukusanya sauti sehemu moja kama kioo cha tochi kinavyokusanya mwanga. Pazia zito kwenye sehemu iliyopinda hupunguza athari hiyo.

Hapo ni vema kukumbuka kuwa nyumba za asili za Wachaga nazo zilikuwa za duara, lakini hazikuwa na mwangwi. Ziliezekwa kwa nyasi kutoka juu hadi karibu na ardhi, na nyasi hunyonya sauti. Tatizo la sebule za leo si umbo peke yake, bali pia vifaa vilivyotumika kujengea.

Mwangwi, bati na mvua

Ukuta wa tofali uliopigwa plasta na rangi hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya sauti inayougonga. Ongeza vigae sakafuni, vioo vikubwa madirishani na dari la jipsamu, na kila neno litasikika mara kadhaa kabla ya neno linalofuata.

Simama kwenye kiti kikuu na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, chumba kinahitaji vitu laini: zulia kati ya runinga na makochi, mapazia mazito, makochi ya kitambaa, na kabati lenye vitabu upande wa nyuma. Zulia lililotandikwa mahali sahihi huweza kufaa kuliko amplifaya kubwa.

Mvua ni suala jingine. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua kubwa juu ya bati huweza kufunika mazungumzo yoyote, na miteremko ya kusini ya mlima hupata mvua nyingi kuliko mjini. Kushindana nayo kwa kuongeza sauti ni kuharibu spika. Dari lililofungwa vizuri bila mianya, lenye tabaka la sufi ya kuzuia joto juu yake, hupunguza kelele hizo na joto la mchana pia.

Waya na umeme

Kila spika ina vituo viwili, chanya na hasi, na waya wake huwa na alama au rangi upande mmoja. Zikiunganishwa kinyume kwenye spika moja, spika mbili za mbele husukumana: besi hupotea na sauti huonekana kuelea bila mahali. Kabla ya kulaumu seti, kagua waya.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa sebule nyingi. Usiupitishe chini ya zulia panapokanyagwa, wala usiufunge pamoja na waya wa umeme wa ukutani, kwani huweza kuleta mngurumo. Upitishe kando ya ukuta au juu ya fremu ya mlango, ndani ya kifuniko cha plastiki.

Kazi ya kuongeza soketi si ya kubahatisha. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na soketi moja iliyobebeshwa runinga, king'amuzi, amplifaya na sabufa kwa nyaya za kuunganisha hovyo ni chanzo cha moto. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Tumia kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na radi zinapoanza, chomoa plagi zote pamoja na waya wa antena.

Spika za ukutani zifungwe kwa skrubu na plagi za ukutani zinazolingana na tofali. Kwa hali yoyote zisiwe juu ya mahali anapolala mtoto.

Wageni wa Desemba

Kila Desemba, familia za Kilimanjaro zilizotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurejea nyumbani kwa ajili ya Krismasi. Sebule iliyopangwa kwa watu wanne hupokea watu 20, na kiti kikuu hakina maana tena.

Kwa siku hizo, legeza mpangilio. Punguza spika za ubavuni kwa desibeli 3 ili aliye karibu nazo asizidiwe, na acha spika ya kati ibebe kazi. Wenye usikivu hafifu wakae mbele ya runinga, vijana wakae kwenye mkono wa pili wa sebule.

Ikumbukwe pia kuwa vipindi vingi vya kawaida vya runinga na video nyingi za intaneti huja na njia mbili tu za sauti. Spika za nyuma zikinyamaza wakati wa taarifa ya habari, hazijaharibika. Kuzilazimisha ziimbe kwa kubonyeza rimoti mara nyingi huchafua maneno.

Jirani naye ana masikio

Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini besi hupenya. Katika nyumba za kupanga ambazo kuta za ndani haziendi hadi kwenye bati, hata sauti ya kawaida huvuka juu ya dari hadi chumba cha pili.

Usiweke sabufa kwenye ukuta mnaochangia. Iweke juu ya kipande kinene cha mpira au godoro gumu ili isitikise sakafu, na baada ya saa nne usiku tumia mpangilio wa usiku, ambao huinua maneno na kushusha milipuko. Kelele zinazozidi viwango zinasimamiwa kisheria nchini, kwa kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Masikio ya nyumbani nayo yalindwe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Spika zikipangwa vizuri, sauti hiyo kubwa haihitajiki.

Inapokuwa bora kupunguza

Zipo sebule ambazo hazina mahali pa spika tano. Kwa hizo, spika tatu za mbele na sabufa, zikipangwa kwa kamba, hushinda spika tano zilizotawanywa. Mfumo mpya wa Dolby Atmos, ulioanza kwenye sinema mwaka 2012 na unaotumia pia spika za juu, unataka dari tambarare. Kwenye dari la mteremko faida yake ni ndogo.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Washa filamu au kipindi cha mazungumzo, kaa kwenye kiti kikuu na ufumbe macho. Sauti ya msemaji itoke katikati ya kioo, si kwenye kabati, si kwenye kona. Kisha hamia kiti cha bibi, halafu kwenye meza ya chakula. Ikiwa kila mahali maneno yanaeleweka bila kugusa rimoti, spika zimekaa.

Ikiwa hayaeleweki, usikimbilie dukani. Rudi kwenye kamba, pima upya kutoka masikioni, na uanze na spika ya kati.